Kwa nini majirani wanakataa ghorofa za gharama nafuu ilhali kila mmoja analalamikia kodi?

#1 Mzawa wa Bondeni

Salaam wadau. Mimi ni katibu wa kamati ya nyumba katika mtaa mmoja ulioko kati ya Kigogo na Mburahati, Dar es Salaam. Miezi minne iliyopita alikuja mwekezaji akiwa na wataalamu wake. Walituambia kwamba nyumba zetu 38, nyingi zikiwa zile za vyumba sita na korido katikati, zinaweza kuvunjwa kwa awamu na pakajengwa maghorofa manne, kila mwenye nyumba akapewa fleti mbili bila kulipa chochote, na zitakazobaki zikauzwa au kupangishwa kwa bei ambayo mwalimu, muuguzi au dereva wa daladala angeimudu.

Tumefanya mikutano mitatu. Wa kwanza ulijaa hadi watu wakasimama dirishani, wa pili ulifika nusu, na katika wa tatu mzee mmoja aliyenifundisha kusoma Kurani nikiwa mdogo alisimama akasema, "Ghorofa hilo kajengeni kwenu," akaondoka, na nusu ya ukumbi ikamfuata.

Hoja yangu ni hii, nami naomba ipingwe kwa ushahidi: watu wa mtaa wangu hawapingi nyumba za gharama nafuu, wanapinga kuhama. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja na zaidi walioongezeka wanalala mahali fulani, na mahali penyewe ni katika vyumba vyetu vile vile na katika mapori ya pembezoni ambako mtu anaamka saa tisa usiku ili awahi kazi Kariakoo. Je, ni njia ipi hasa inayoufanya mtaa mzima ukubali?

#2 Dalali Mstaafu

Mkuu, mtu akikupa fleti mbili bure, muulize nani analipia ya tatu. Nimefanya udalali kwa miaka ishirini na mbili na sijawahi kukutana na kitu cha bure kisichokuwa na mwenyewe. Huyo mzee wako hakukataa ghorofa. Alikataa karatasi ambayo hakuna aliyemsomea hadi mwisho.

#3 Binti Kota

Ahsante kwa uzi huu. Naunga mkono hoja ya #1 kwa sehemu, lakini neno "kuhama" linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu watu huhama kila siku kwa hiari yao. Wanachokiogopa ni kuhama bila tarehe ya kurudi.

Tuchukue Magomeni Kota, ambayo wengi hapa tunaifahamu. Kaya 644 ziliondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita kwa ahadi ya kujengewa nyumba bora, kisha eneo likakaa wazi kwa miaka, majani yakaota, na watu wakatawanyika Mbagala, Tandale na kwingineko. Mwaka 2016 Rais Magufuli alikwenda pale na kuagiza nyumba zijengwe kwa ajili ya kaya hizo hizo, na Machi 2022 Rais Samia akazizindua. Leo majengo yamesimama na ni mazuri. Hata hivyo, mtoto aliyeondoka pale akiwa darasa la kwanza alirudi akiwa amemaliza kidato cha nne, au alikuwa anakaribia. Mnaposimama mbele ya wazee wa Kigogo na kusema "mtarudi", wao wanahesabu miaka hiyo vichwani mwao, na hakuna mchoro wa rangi unaoweza kuwazuia wasihesabu.

#4 Mpima Mipaka

Nisahihishe kidogo dhana inayoanza kujengeka hapa kwamba jambo hili ni jipya. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na sehemu kubwa ya kazi yake ya miaka ya mwanzo katika jiji hili ilikuwa ni kuvunja nyumba za makuti na udongo, Magomeni ikiwemo, na kujenga za saruji pale pale. Lilipofika mwisho wa muongo ule, serikali iligundua kwamba unavunja nyumba moja unajenga moja, gharama ni kubwa na idadi haiongezeki, ikaiacha njia hiyo. Miaka ya 1970 ikaja njia nyingine, ile ya viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma kwa fedha za Benki ya Dunia: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa upya, na Manzese ikaboreshwa bila kuvunjwa yote.

Kwa hiyo mzee wa mtaa wako si mkaidi. Huenda ameona sera tatu zikipita mbele ya baraza lake, na katika zote hizo mtu aliyebaki na nyumba yake ni yule aliyekaa kimya akaendelea kuongeza chumba uani.

#5 Fundi Lipu

Wachangiaji wote waliotangulia mnazungumza kana kwamba nyumba ni mahali pa kulala tu. Nimepiga lipu nyumba nyingi za Uswahilini kuliko nilivyokula pilau, nami nawaambia kwamba nyumba ile ya vyumba sita ni duka, ni pensheni na ni bima ya afya kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, anapangisha vinne, cha mbele ambacho kinatazama barabara amekitoboa kuwa fremu ya kinyozi au wakala wa fedha za simu, na uani mkewe anauza maji kwa ndoo au anakaanga mihogo. Mwekezaji anampa fleti mbili za ghorofa ya tatu. Fremu iko wapi? Maji atamuuzia nani, ilhali kila mtu ana bomba lake? Atakaanga mihogo kwenye ngazi?

Hesabu yake ni rahisi. Leo ana wapangaji wanne na fremu, yaani milango mitano ya kuingiza fedha. Kesho atakuwa na mlango mmoja, tena wenye gharama za usafi, ulinzi na pampu ya maji. Hata mimi ningetoka ukumbini.

#6 Mzawa wa Bondeni

Mchangiaji wa #5, umenigusa pabaya, kwa sababu katika wasilisho la mwekezaji fremu zote za chini zilikuwa za kuuzwa na hakuna hata moja iliyokuwa ya wenye nyumba. Sikuliona hilo hadi nilipokusoma. Nitaliuliza.

#7 Mpangaji wa Kudumu

Samahani, nina swali moja tu kwa katibu. Katika mikutano yenu mitatu, wapangaji walialikwa?

#8 Mzawa wa Bondeni

Kwa kweli, barua zilipelekwa kwa wenye nyumba. Mjumbe wa shina alitangaza kwa mdomo, hivyo yeyote angeweza kuja.

#9 Mpangaji wa Kudumu

Nilijua. Basi naomba nichukue nafasi kidogo.

Nimepanga katika jiji hili kwa miaka kumi na saba katika nyumba tisa. Kila mara nimelipa kodi ya miezi sita mbele, mara mbili nimelipa ya mwaka mzima, na juu yake mwezi mmoja wa dalali (mchangiaji wa #2 anisamehe). Nimehamishwa kwa sababu mtoto wa mwenye nyumba ameoa, kwa sababu nyumba imeuzwa, kwa sababu barabara imepanuliwa, na mara moja kwa sababu mwenye nyumba hakupenda mke wangu anavyofua usiku. Sijawahi kualikwa katika mkutano wowote unaohusu mtaa ninaoishi, ingawa kura yangu ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa huombwa kwa unyenyekevu mkubwa.

Mnauliza jinsi ya kupata uungwaji mkono wa jamii, lakini jamii mnayoizungumzia ni watu 38. Katika kila nyumba ya vyumba sita kuna familia nne au tano ambazo ndizo hasa zinazolia kodi, na ndizo ambazo nyumba za gharama nafuu zinasemwa kuwa ni zao. Zikivunjwa, mwenye nyumba anapata fleti mbili nami napata notisi. Msishangae kama mpangaji ndiye wa kwanza kumnong'oneza mwenye nyumba kwamba mradi huo ni utapeli.

#10 Wakili wa Uswahilini

Hoja ya #9 ina mizizi katika sheria, tena mizizi mirefu. Serikali inapotwaa ardhi, kanuni za fidia za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi zinampa mwenye mali thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, gharama za kusafirisha mizigo ya tani 12 hadi umbali wa kilomita 20, fidia ya faida iliyopotea, na posho ya makazi ya miezi 36, ambayo huhesabiwa kwa kodi ya soko ya nyumba yake. Zingatieni neno "mwenye". Aliyekuwa akilipa kodi hiyo kila mwezi kwa kawaida hana fungu katika hesabu hiyo.

Lakini suala la katibu si utwaaji. Ni mkataba wa hiari kati ya wenye nyumba na mtu binafsi, na hapo ulinzi wa sheria ni ule tu mtakaouandika wenyewe. Nina maswali matatu kabla ya kujadili rangi ya ghorofa. Je, wenye nyumba wana hati, wana leseni za makazi zile zilizoanza kutolewa katikati ya miaka ya 2000, au wana karatasi za mauziano zilizopigwa muhuri wa serikali ya mtaa? Je, hati ya kiwanja kitakachounganishwa itakuwa kwa jina la nani wakati wa ujenzi? Na je, mmeusoma utaratibu wa kumiliki sehemu ya jengo chini ya sheria ya mwaka 2008, ambao unampa kila mmoja hati ya sehemu yake na kuwalazimu wote kuwa na chombo kimoja cha kusimamia ngazi, paa na mashimo ya majitaka? Wengi wanafikiri fleti ni chumba kilichoning'inia hewani. Kisheria ni chumba pamoja na majirani usiowachagua.

#11 Ng'ambo Kwetu

Assalaam alaykum. Kuhusu majirani usiowachagua, sisi wa Unguja tunao uzoefu wa zaidi ya miaka hamsini. Maghorofa ya Michenzani, ambayo wengi huyafananisha na treni, yalipangwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki katika enzi ya Mzee Karume, na ili yasimame, nyumba nyingi za Ng'ambo zilivunjwa. Watu walijitolea kujenga. Walioingia hawakuuliza bei, kwa kuwa wakati ule nyumba ilikuwa ni haki ya mwananchi na si bidhaa.

Bibi yangu alipewa nyumba ghorofa ya tano. Alikuwa akishuka asubuhi na mkeka wake, anakaa chini ya jengo mpaka magharibi, kisha anapanda kulala. Baraza lake lilikuwa limebaki chini, naye hakukubali kamwe kuliacha. Leo wajukuu wanagombania nyumba ile ile kwa sababu iko karibu na kila kitu. Sijui kama huo ni ushahidi wa kuunga mkono hoja ya #1 au wa kuipinga.

#12 Dalali Mstaafu

Ni ushahidi kwamba bibi alihitaji lifti.

#13 Jirani wa Huruma

Hamjambo. Naandika kutoka Nairobi, ambako mjadala huu umetufikisha mahakamani. Kwetu kila mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya ushuru wa nyumba na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba Novemba 2023, Bunge likatunga sheria mpya, na ikatiwa saini Machi 2024. Majengo yanapanda, hilo silikatai, lakini nenda uulize anayekatwa kama anauhesabu mradi huo kuwa ni wake. Mchango wa lazima hujenga kuta, lakini moyo wa mtu haukatwi kwenye hati ya mshahara.

Kinyume chake ni Kambi Moto, kijiji kimoja cha mabanda hapa Huruma. Walianza kujenga mwaka 2003. Wakazi walijihesabu wenyewe, wakaweka akiba ndogo ndogo katika vikundi, wakapima ardhi yao pamoja na wataalamu, na nyumba ikachorwa ikiwa na eneo la chini la takriban mita 20 za mraba tu, iliyoweza kupanda hadi ghorofa mbili juu kadiri mwenyewe anavyopata fedha. Jambo gumu kuliko yote halikuwa saruji. Wenye mabanda na wapangaji walikubaliana kwamba kila mmoja atapata nyumba moja. Mwenye mabanda kumi, nyumba moja. Mpangaji wake, nyumba moja. Maneno hayo matatu yalichukua muda mrefu kuliko kuchimba misingi.

#14 Fundi Lipu

Ndugu wa Huruma, mfano wako ni mzuri ila unapita pembeni ya tatizo letu. Kambi Moto ardhi ilikuwa ya umma, hivyo mwenye mabanda alikuwa anatetea mabati, si ardhi. Kigogo mzee amenunua kiwanja chake, ana karatasi, na amejenga kwa tofali. Ukimwambia nyumba moja sawa na mpangaji wake, hata mkutano wa nne hautakuwepo.

#15 Jirani wa Huruma

Nakubali marekebisho hayo, ni ya haki. Hata hivyo naomba mzingatie upande mwingine: Soweto Mashariki, Kibera, serikali ilikabidhi nyumba 822 mwaka 2016 baada ya wakazi kuhamishiwa kwa muda katika majengo ya Lang'ata. Baadhi ya waliopata walizipangisha kwa watu wenye kipato kikubwa zaidi na kurudi mabandani. Majirani husema ni ujinga. Mimi naona ni hesabu ile ile uliyoieleza katika #5, ya milango inayoingiza fedha.

#16 Karani wa Mikopo

Wadau, sijaona mtu akigusa bei. Nilifanya kazi ya mikopo ya nyumba kwa muda, nami nawaonyesha kwa nini "nafuu" ni neno la kutiliwa shaka kuliko "ghorofa".

Tuseme fleti ya vyumba viwili inauzwa shilingi milioni 50, bei ambayo mwekezaji ataiita ya chini. Riba za mikopo ya nyumba nchini kwa muda mrefu zimekuwa juu ya asilimia 13, basi tuchukue 15 kwa miaka 15. Mkopaji atarejesha takriban shilingi 700,000 kila mwezi, na hadi mwisho atakuwa amelipa kama milioni 126. Sasa niambieni ni dereva gani wa daladala, asiye na hati ya mshahara, atakayepita hata mlango wa afisa mikopo. Tulikuwa na Benki ya Nyumba iliyoanzishwa mwaka 1973, ikafungwa 1995, na tangu hapo Mtanzania wa kawaida hujenga kwa benki yake mwenyewe: tofali mia mwezi huu, nondo nne mwezi ujao, kupaua baada ya mavuno ya korosho au baada ya kupokea upatu.

Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yangu, watu hawauungi mkono mradi. Ghorofa haijengwi kidogo kidogo. Huwezi kuishi kwenye fleti isiyoezekwa huku ukitafuta mabati. Mtu aliyezoea kwenda kwa mwendo wa mfuko wake anaambiwa apande gari linalokwenda kwa mwendo wa mwingine.

#17 Mama Chapati

Shikamooni wakubwa. Kaka wa #16 amezungumza ya benki, mimi nazungumza ya jikoni. Wachoraji wa fleti hizi hawajawahi kupika maharage. Napika kwa mkaa kwa sababu gesi ikiisha katikati ya mwezi siwezi kununua nusu mtungi. Moshi wa chapati mia mbili za alfajiri utapita wapi katika jiko la hatua tatu kwa mbili? Mkitaka niinue mkono mkutanoni, niachieni banda la kupikia chini, lenye paa na maji. Hilo tu.

#18 Dalali Mstaafu

Mama Chapati, hilo banda likijengwa, nitahamia jengo hilo hata bila fleti.

#19 Mpima Mipaka

Nirudi kwa katibu, kwa sababu naona maelezo yameshakuwa mengi: hofu ya kutorudi, biashara ya vyumba, wapangaji waliosahauliwa, sheria, mikopo, na sasa moshi. Nami naongeza jingine, ambalo nadhani limesahauliwa kwa kuwa lilifanikiwa kimya kimya.

Hanna Nassif, Kinondoni, si mbali na kwenu. Katikati ya miaka ya 1990 wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, wakashirikiana na halmashauri, wataalamu wa Chuo cha Ardhi na wafadhili wa kimataifa, na wakaanza na mifereji ya maji ya mvua, kwa sababu mafuriko ndiyo yaliyokuwa yakiwaumiza wote, mwenye nyumba na mpangaji. Kazi ya kuchimba na kujenga ilifanywa na wakazi wenyewe kwa ujira, wanawake wengi wakiwemo. Hakuna aliyeulizwa "unakubali mradi?" Aliulizwa "utachimba lini?" Watu waliochimba mfereji pamoja wanaweza baadaye kuzungumza kuhusu ghorofa. Ninyi mmeanza na ghorofa.

#20 Binti Kota

Mpima, naheshimu mfano huo, lakini una upande wa pili ambao wapima huwa hawaupimi. Mtaa ukishapata mifereji na barabara, kodi hupanda, na anayeondoka kimya kimya ni mpangaji, bila notisi ya mradi wowote. Kwa hiyo kuboresha bila kuvunja nako kunahamisha watu, ila polepole na bila mkutano.

Na kuhusu kuhama, tukumbuke mafuriko ya Desemba 2011. Waliookolewa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, tena bure. Baadhi walijenga na wapo hadi leo, na wengine wengi walirudi bondeni. Kiwanja kilikuwepo, lakini kibarua, shule, na mteja wa samaki wa jioni walibaki mjini.

#21 Mpangaji wa Kudumu

Ningependa kuongeza mfano mmoja ambao hutajwa mara chache. Kurasini ilipoanza kuondolewa ili kupisha upanuzi wa shughuli za bandari, wenye nyumba walifidiwa na wapangaji wakabaki na vitanda vyao barabarani. Baadhi yao, wakiwa katika vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la maskini wa mijini, walinunua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga nyumba ndogo zenye uwezo wa kuongezwa, wakafyatua tofali wenyewe na kuweka mfumo wao wa kusafisha majitaka. Safari ilikuwa ya taabu, ujenzi ulikwenda polepole kuliko matumaini, na Chamazi ya wakati ule ilikuwa mbali na riziki. Ila asiseme mtu kwamba wapangaji hawawezi kujipanga. Tunajipanga tukiachiwa nafasi ya kukaa kitako.

#22 Karani wa Mikopo

Mfano wa Chamazi unathibitisha hoja yangu: nyumba ndogo, inayoongezwa, kwa mwendo wa mfuko.

#23 Fundi Lipu

Na yangu: walijenga chini, si juu.

#24 Binti Kota

Na yangu pia. Inaelekea Chamazi ni ya kila mtu isipokuwa waliojenga.

#25 Wakili wa Uswahilini

Kabla hatujagawana Chamazi, kuna jambo ambalo katibu hajalieleza, nalo huwa linaua miradi hii kabla hata ya siasa. Nyumba ngapi kati ya hizo 38 ni za mirathi? Katika mashauri ninayoyasimamia, nyumba ya aina hiyo mara nyingi imeachwa na marehemu, msimamizi wa mirathi hakuteuliwa au naye ameshafariki, warithi ni tisa kutoka kwa mama watatu, wawili wako Oman, mmoja yuko Mwanza, na anayeishi ndani ndiye mwenye sauti lakini si mwenye saini. Mtu wa namna hiyo akisimama mkutanoni na kusema "sitaki ghorofa", mara nyingi maana yake ni "sitaki ndugu zangu waje kuulizwa".

#26 Ng'ambo Kwetu

Wakili, hilo umelitoa moja kwa moja kwetu. Zile nyumba zinazogombaniwa na wajukuu nilizozitaja #11, sababu ni hiyo hiyo.

#27 Mzawa wa Bondeni

Wadau, nashukuru. Sikuandika kwa siku nne kwa sababu nilifanya lile ambalo mchangiaji wa #7 aliniaibisha nalo. Nilichukua daftari na mjumbe wa shina, tukapita mlango kwa mlango, si nyumba kwa nyumba.

Nyumba ni 38 kama nilivyosema. Familia zinazopanga ni 131, na mimi niliyezaliwa pale ningeapa kwamba hazizidi sabini. Fremu ni 44, nyingine zikiwa zimegawanywa na pazia. Na nyumba za mirathi ambazo hazijagawanywa ni 17, ikiwemo, naomba msinicheke, ya baba yangu mzazi, ambayo mimi katibu wa kamati nimekuwa nikiiwakilisha mikutanoni kana kwamba sina dada watatu.

Kwa mzee aliyetoka ukumbini nilikwenda jioni, baada ya swala ya alasiri. Hakuzungumzia ghorofa hata kidogo. Aliniuliza kama namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akipanga chumba chake cha uani kwa miaka kumi na minane, aliyemuuguza mkewe hadi siku ya mwisho, kisha akaniuliza katika ramani yetu mama huyo yuko ghorofa ya ngapi. Sikuwa na jibu. Hoja yangu ya #1 kwamba watu wanapinga kuhama siiondoi, lakini mzee yule hakuwa akizungumzia kuhama kwake yeye.

Mwekezaji kwa upande wake amejibu kuhusu fremu: yuko tayari kutoa moja kwa kila mwenye nyumba iwapo fleti za bure zitapungua kutoka mbili hadi moja. Kuhusu wapangaji amesema hilo ni suala letu la ndani.

#28 Dalali Mstaafu

Nilikuambia uulize nani analipia ya tatu. Sasa umejua.

#29 Karani wa Mikopo

Fleti moja na fremu moja si biashara mbaya, fundi atanipinga.

#30 Fundi Lipu

Napinga. Fremu ya ndani ya ua si sawa na fremu ya barabarani. Katibu aulize zimechorwa upande gani.

#31 Wakili wa Uswahilini

Naomba katibu asisaini wala kusainisha chochote kabla nyumba hizo 17 hazijafunguliwa mirathi. Aanze na ya kwao.

#32 Mzawa wa Bondeni

Dada mmoja amekubali, mmoja anataka kwanza kuona ramani, na wa tatu hajapokea simu tangu juzi. Mkutano ni Jumapili saa kumi. Safari hii barua zimeandikwa kwa kila mlango, na Mama Chapati wa mtaani kwetu, si huyu wa hapa, amesema atakuja iwapo utaisha kabla ya magharibi.

#33 Mpangaji wa Kudumu

Ukumbi wenu unachukua watu wangapi?

#34 Mzawa wa Bondeni

Sitini. Tunatafuta turubai.